Ramani ya udongo: inaona nini, inaacha nini?



Kuna malaria ambayo homa yake inapanda, inashuka, kisha inarudi kila saa 48. Kama ninapima mugonjwa mara moja tu kila siku ya pili, saa ile homa imeshuka, karatasi yangu itaonyesha mustari ulionyooka: mutu muzima kabisa! Termometre haikudanganya. Ni mimi niliyeacha nafasi kubwa kati ya kipimo na kipimo.

Ramani ya urefu wa udongo ina ugonjwa ule ule. Jeometre hapimi kila kipande cha udongo. Anapima pointi moja, anaacha nafasi, anapima nyingine. Katikati, mashine inakisia.

Sasa, udongo una mawimbi kama homa. Kilima ni wimbi refu. Mufereji ni wimbi fupi. Wajuzi wanachukua mustari mumoja wa udongo, wanatenganisha mawimbi yake, wanaangalia kila moja linabeba urefu gani. Wimbi lisilopita mara mbili ya nafasi ya pointi, ramani haiwezi kulionyesha vizuri. Urefu uliokuwa katika mawimbi yale yaliyopotea ndio kosa la ramani, na juu yake unaongeza kosa la chombo chenyewe. Kwa uwanda laini, mawimbi mafupi yanabeba kidogo sana, kwa hiyo hata pointi za mbali zinatosha.

Karieri si hivyo, kwa sababu sisi wenyewe tumeukata udongo. Tuseme ngazi za karieri zina urefu wa mita 10, na zinarudi kila mita 25. Ili zionekane, pointi lazima zikaribiane chini ya mita 12 na nusu. Zikiachana mita 30, ngazi zinafutika na unaona muteremuko muzuri, kama wa kushuka na baiskeli. Jaribu kuushuka!

Mwezi wa pili 2000, chombo cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima urefu kwa radari. Ramani zake za Afrika zilitolewa kwanza na pointi za karibu mita 90; tangu 2014 watu wote wanapata zile za mita 30. Kazi ile ilipangwa ili pointi 90 kati ya 100 zisikosee kupita mita 16. Kwa kujua maji ya bonde yanaelekea wapi, inasaidia sana. Lakini shimo la wachimbaji wa mikono, kama yale ya Shinkolobwe yaliyoporomoka na kuua watu mwaka 2004, lina upana mudogo sana. Halimo. Na ramble iliyomwagwa kisha mwaka 2000 haimo pia.

Ukiletewa ramani ya pahali pa kazi, ao pa kujenga nyumba, uliza nafasi ya pointi na mwaka wa kipimo. Kisha omba jeometre apime mustari wa mita 100 kwa nivo, kila mita 1. Achore. Halafu abakize pointi moja kwa kila kumi, aziunganishe kwa rula, na aangalie pale mistari miwili inapoachana zaidi. Kama ni mita moja na nusu, ramani yenye pointi za mita 10 inaweza kuficha pale shimo ambalo, wakati wa mvua, linajaa maji kupita kichwa cha mutoto.