Chagueni leseni kabla hamjatawanyika

Tuseme mko watano, mmeandika programu ya kuwapigia hesabu ya magunia wakulima wa mahindi wa Laela, mkaipandisha GitHub. Wengi hudhani hapo imeshakuwa ya wote. Bado! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Bila leseni, mtu ataiona tu. Kuibadili na kuisambaza hana ruhusa.

Njia kubwa ni mbili. MIT na BSD zinasema: chukua, badili, hata uza, ila usiondoe jina la mwenye kazi wala maneno ya leseni. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, uko chini ya BSD. GPL inabana zaidi: ukiibadili na kuisambaza, nawe toa msimbo wako kwa masharti yaleyale. Mkihofia mjanja kuifunga na kuwauzia wakulima walewale, GPL ndiyo yenu.

Kubadili baadaye ni kazi. Kila aliyeandika anamiliki sehemu yake, hivyo wote lazima wakubali. OpenStreetMap ilipobadili leseni mwaka 2012, michango ya waliokataa na wasiojibu iliondolewa kwenye ramani. Na nakala zilizokwisha kutoka hubaki na masharti ya zamani.

Sasa fikiria: mmoja yuko Mpanda, mwingine Kasanga, namba za simu zimebadilika. Nani atakubali kwa niaba ya nani? Kaeni wiki hii, kubalianeni, wekeni faili la leseni.