Kiti cha Gavana na Magazeti ya Atlanta

Mwaka 1906 jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, lilikuwa linatafuta gavana, na wagombea wawili waliotamba walikuwa watu wa magazeti. Clark Howell alikuwa mhariri wa Atlanta Constitution. Hoke Smith, wakili na waziri wa zamani wa Rais Cleveland, aliwahi kulimiliki Atlanta Journal, na gazeti hilo lilimpigia debe bila haya. Uchaguzi wenyewe wa Oktoba ulikuwa wa kukamilisha ratiba tu. Georgia ilikuwa mikononi mwa chama cha Democratic, na aliyeshinda kura za maoni za chama ndiye gavana. Kura hizo zilipigwa na Wazungu peke yao.

Smith alikuwa na hoja yenye mashiko: kampuni za reli ziliwakamua wakulima kwa gharama za mizigo huku zikiwagawia wanasiasa tiketi za bure. Lakini alihitaji kura za wafuasi wa mwanasiasa Tom Watson, na Watson alikuwa na sharti lake. Mtu huyu, ambaye miaka ya 1890 aliwahimiza wakulima weusi na weupe washikamane, sasa alitaka Weusi wanyang'anywe haki ya kupiga kura. Smith akakubali.

Howell naye alijibu nini? Kwamba hakuna haja! Kodi ya kura ilikwisha kuwaengua Weusi wengi, na mtihani wa kusoma uliopendekezwa kwa wapiga kura ungeweza kuwaumiza Wazungu wasiojua kusoma, huku Weusi wenye elimu wakipita. Ubishi wote ulikuwa juu ya njia. Juu ya dhuluma yenyewe walielewana.

Tarehe 22 Agosti Smith alishinda kwa kishindo. Magazeti hayakupoa. Jumamosi ya tarehe 22 Septemba magazeti ya jioni, Atlanta Evening News likiwamo, yalitoa toleo la ziada baada ya toleo, kila moja likidai Mweusi amemshambulia mwanamke wa Kizungu. Madai hayakuwa na uthibitisho, ila wauza magazeti waliyapigia kelele njiani, na usiku ukaingia na maelfu ya Wazungu wenye hasira mitaani.

Alonzo Herndon, aliyezaliwa mtumwa na kutajirika kwa unyozi, alikuwa amefunga mapema duka lake la kinyozi katika mtaa wa Peachtree, ambako wateja walikuwa Wazungu watupu. Vioo vyake vilivunjwa. Katika duka jingine la jirani, vinyozi Weusi waliuawa wakiwa kazini. Baadhi ya maiti zilitupwa chini ya sanamu ya Henry Grady, mhariri mashuhuri wa Constitution enzi zake. Weusi wasiopungua 25 waliuawa siku hizo; wapo wanaokadiria hata 100. J. Max Barber, mhariri Mweusi aliyewalaumu waandishi na wanasiasa, alilazimika kukimbilia Chicago.

Smith aliapishwa mwaka 1907, na mwaka uliofuata katiba ya jimbo ikarekebishwa. Mpiga kura alitakiwa ajue kusoma na kuandika, au amiliki ekari 40, au awe ametokana na mwanajeshi wa vita vya zamani, au msajili amwone ana tabia njema. Wasajili walikuwa Wazungu.

Mwaka huohuo wa 1908 Watson alimgeuka Smith, na Smith akaangushwa na Joseph Brown. Baadaye Smith alirudi kwenye ugavana, kisha akaingia Seneti. Mwaka 1920 aliomba kura tena, na aliyemng'oa alikuwa Tom Watson.