Redio ya Chomboni: Antena Kwanza, Wati Baadaye

Mvuvi anayetafuta redio ya VHF ya baharini hukutana kwanza na swali la nguvu: anataka ya mkononi, ya wati 5 hivi, au ile ya wati 25 inayofungwa chomboni? Kwa mwenye ngalawa au mashua, swali hilo linaanzia pasipo. Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hayajipindi kuufuata mviringo wa dunia. Yakishafika upeo wa macho huendelea zake angani, na aliye ng'ambo ya upeo huo hayamfikii hata nguvu ikiongezwa. Mwenye kuusogeza upeo ni urefu wa antena, ya msemaji na ya msikilizaji. Hesabu yake ni nyepesi: tafuta kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.1, upate kilomita. Fanya hivyo kwa antena zote mbili, kisha jumlisha. Redio iliyoshikwa mita 1 juu ya maji inafika kilomita 4, kwa hiyo wavuvi wawili walioketi vyomboni mwao, kila mmoja na ya mkononi, hupoteana baada ya kilomita 8 hivi. Pandisha antena zao hadi mita 6, na umbali huo unakuwa kilomita 20, kwa wati zilezile.

Hapo chombo cha tanga kina utajiri usiotumika, yaani mlingoti. Redio nyingi za mkononi zina antena inayofunguka, na mahali pake panaweza kuunganishwa kebo ya kupanda juu. Kebo iwe nene kiasi na viungio vizibwe barabara, kwa sababu kebo nyembamba hula nguvu njiani na chumvi hula shaba. Ipitishwe pia mahali ambapo foromali na henza havitaikwaruza. Wanaotetea wati 25 wana hoja ya kweli: palipo na antena ndefu nchi kavu, nguvu mara 5 huifanya sauti ya mbali isikike wazi. Lakini redio hiyo inataka betri ya volti 12, hula takriban ampea 5 wakati wa kusema, na chombo kikipinduka inazama nacho. Ya mkononi hubaki imefungwa kwenye jaketi la kuokolea. Kwa chombo kilicho wazi, naiona hiyo kuwa sababu ya kuichagua kwanza, mradi iwe inayoelea na yenye alama ya IPX7, maana yake imepimwa kukaa chini ya mita 1 ya maji kwa dakika 30. Redio koli za walinzi, ingawa bei yake inavutia, kwa kawaida hazikutengenezwa kwa maji ya chumvi.

Wapo watakaosema simu inatosha. Karibu na ufukwe, mara nyingi inatosha. Ila simu humwita mtu mmoja ambaye lazima uwe na namba yake, ilhali wito wa dharura kwenye chaneli 16, megahezi 156.8, husikiwa na kila aliyeiwasha aliye ndani ya upeo, ikiwemo meli inayopita ambayo hukuijua. Ukipata redio yenye GPS na kitufe chekundu cha dharura, omba namba ya utambulisho ya tarakimu 9 kwa mamlaka ya mawasiliano: TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ukiwa huko. Bila namba hiyo kuingizwa, kitufe hakifanyi kazi yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba majirani hawana redio: utamwita nani? Mkondo wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi, kwa hiyo aliye katikati yuko kilomita 25 kutoka kila upande, na mwenzake aliyesimama ufukweni na ya mkononi hamsikii. Lakini antena ya mita 15 penye kituo cha BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, inaona kilomita 16. Jumlisha 10 za antena ya mlingotini, zinakuwa 26. Kwa hiyo kikundi kinachochangishana kianze na antena hiyo na kibali chake, kisha kipange zamu ya kusikiliza chaneli 16 hadi chombo cha mwisho kirudi.