Paka Yatima wa Moshi na Bahari ya Kuvuka

Wako wasomaji watakaouliza kulikoni hata safu hii, ambayo kwa kawaida hushughulika na bei ya karafuu, maji na barabara, ikayaacha hayo yote na kuzungumzia watoto wa paka walioachwa yatima huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Jibu letu ni fupi. Wako vijana wetu wa visiwani waliosoma na wanaosoma Moshi, katika Chuo Kikuu cha Ushirika, katika Shule ya Polisi, na katika chuo cha udaktari kilicho pamoja na hospitali ya KCMC. Kijana akikaa mahali miaka mitatu hupata marafiki, na baadhi ya marafiki hao wana miguu minne. Siku ya kurudi nyumbani huwa taabu kumwacha nyuma rafiki wa namna hiyo. Hapo ndipo jambo la Moshi linapogeuka kuwa jambo la Unguja na Pemba, na hapo ndipo linapowahusu pia waheshimiwa maofisa wa mifugo, wa afya na wa bandari.

Kwanza tueleze hali yenyewe ilivyo. Mlimani, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu, Mwika na Rombo, watu huishi ndani ya vihamba vyao, katikati ya migomba na mibuni, na ng'ombe wa maziwa hufungwa zizini karibu na nyumba. Mahindi yanayolimwa tambarare hupandishwa na kuhifadhiwa nyumbani. Penye mahindi hapakosi panya, na penye panya paka hutafutwa. Lakini siku hizi mwenye mahindi hamtegemei paka peke yake. Hununua pia sumu sokoni na kuitega ghalani. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutoka akiyumba, paka mwenye kunyonyesha humkamata kwa urahisi kuliko siku zote, naye hufuata njia ile ile. Nyuma yake hubaki watoto wanne au watano chini ya rundo la majani ya migomba, macho yamefumba. Mjini sababu ni nyingine: magari ya barabara kuu ya Arusha na Himo, na pia watu wenyewe, ambao paka wao akishazaa hutia watoto ndani ya boksi na kulibwaga usiku kando ya soko, wakitumaini kwamba wauza samaki watakuwa na huruma kuliko wao.

Wengine huuliza kwa nini watoto hao hawaishi. Katika nchi za kaskazini ya mbali paka jike hupumzika kuzaa miezi ya baridi, kwa kuwa mwili wake hufuata urefu wa mchana. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo tu kusini ya ikweta, mchana wake haubadiliki sana, na paka wa huko, kama wa kwetu, huweza kushika mimba mwezi wowote. Mimba huchukua wiki 9 hivi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, yaani yeye mwenyewe bado ni kama mtoto. Kwa hiyo anayesubiri msimu wa paka yatima upite atasubiri sana.

Hapana shaka jambo la kwanza linalowaua ni baridi. Msomaji wa Wete au wa Makunduchi hawezi kuifahamu baridi ya Marangu ya mwezi wa Juni, mvua za masika zikiwa zimekwisha na ukungu umelala juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi. Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 au karibu na hapo. Katika wiki zake za kwanza hawezi kujitia joto mwenyewe. Joto lake ni la mama yake. Mlezi mwenye ujuzi huanza na joto kabla ya chakula: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, sanduku lenye matambara, na mahali ambapo upepo hauingii. Mtoto aliyepoa akinyweshwa maziwa, tumbo lake halina nguvu ya kuyasaga, na mara nyingi hufa nayo tumboni. Tumesikia watu wema wengi wakilia kwamba walimpa mtoto maziwa na bado akafa. Maziwa yalitangulia mahali pa moto.

Na maziwa yenyewe yana maneno. Kilimanjaro ni nchi ya maziwa ya ng'ombe, na mkono wa kwanza wa mwenye huruma hukimbilia kibuyu. Lakini maziwa ya ng'ombe si maziwa ya paka. Yana sukari ya maziwa zaidi, yana protini na mafuta pungufu, na kitoto kinachoyanywa huharisha, hukauka maji mwilini na kufa baada ya siku chache. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, nayo yana bei inayomfanya mwalimu wa shule ya msingi ashike kichwa. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husisitiza kwamba kama kuna paka mwingine anayenyonyesha mtaani, huyo ndiye wa kutafutwa kwanza; paka wengi hukubali kumlea mtoto asiye wao akiingizwa taratibu kati ya wanawe. Asipopatikana, mlezi huamka kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Humlaza mtoto kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, si chali kama mtoto wa binadamu, maana akilazwa chali maziwa huingia mapafuni. Akishashiba, humpangusa chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwani katika wiki za mwanzo mtoto hawezi kukojoa wala kunya bila ya kulambwa. Hilo la mwisho wengi hawalijui kabisa, na ukiwaeleza hudhani unafanya mzaha.

Macho hufumbuka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kwenye wiki ya nne mtoto huanza kulamba chakula laini, na hapo dagaa waliochemshwa bila chumvi wakapondwa humfaa. Tangu wiki ya pili hadi ya saba ndipo anapojifunza kama binadamu ni rafiki au adui. Aliyeshikwashikwa na kusemeshwa katika siku hizo hukaa na watu maisha yake yote. Aliyekosa huwa paka shume, mwizi wa jikoni anayefukuzwa kwa mawe. Kazi ya mlezi basi si kunywesha tu. Hata watoto wa nyumba wana fungu lao humo, mradi wanawe mikono, maana choa cha paka huambukiza, na mama mjamzito asiguse kinyesi chake.

Hapa tuna neno moja kwa wenye huruma ya haraka. Si kila mtoto wa paka aliye peke yake ni yatima. Mama huenda kuwinda akarudi baada ya saa kadhaa, na mara nyingine huwahamisha wanawe mmoja mmoja. Mtoto aliyelala kimya, tumbo limejaa, manyoya safi, ana mama. Aachwe pale alipo, atazamwe kwa mbali. Anayelia bila kukoma, mwili baridi, ametapakaa viroboto, huyo ndiye wa kuchukuliwa. Na viroboto wasidharauliwe: kwa kiumbe cha gramu 200 hunyonya damu hata ufizi ukawa mweupe.

Wapo watakaotucheka kwamba nchi ina watoto wa watu wasio na walezi, na sisi tunaandika habari za paka. Hatujaona bado mtu aliyemnyima yatima wa binadamu chakula kwa sababu ya kitambaa cha uvuguvugu na dagaa wachache. Tena sisi wa visiwani tusiwe wepesi wa kucheka. Hapana mtoto wa chuoni kwetu asiyesimuliwa habari ya mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa njaa, na aliyoyapata kwa hilo. Kwa upande wa Bara, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imekataza ukatili kwa mnyama yeyote, paka akiwa mmojawapo.

Tuje sasa kwenye makao ya kudumu, na hapa ndipo penye uzito. Mlezi wa muda ana kazi ya kumtoa aliyemlea, na kumtoa vizuri. Kumgawa sokoni kwa yeyote anayenyoosha mkono si kumtoa vizuri. Walezi wenye busara huuliza: Je, nyumbani mnatega sumu? Nani atamlisha mkisafiri? Mtakubali kumfunga kizazi akifikisha umri? Swali hili la tatu huwaudhi wengi, lakini mlezi asiyeliuliza ajitayarishe kupokea wajukuu wa paka wake kabla ya mwaka kwisha.

Kwa nyumba ya pale pale Moshi, mtoto wa miezi miwili hutolewa bila tabu. Nyumba ya ng'ambo ya bahari ina hesabu nyingine. Kichaa cha mbwa kimepewa jina la mbwa kwa haki, kwa kuwa karibu vifo 99 katika kila 100 vya binadamu kwa ugonjwa huo hutokana na mbwa, na inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa nao duniani kila mwaka. Lakini paka aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huugua vile vile, na huuma na kuparua vile vile. Ugonjwa huweza kujificha mwilini kwa wiki au miezi kadhaa, mnyama akicheza na kula kama kawaida. Mtoto wa paka aliyeokotwa kando ya soko hana wa kumtolea ushahidi wa nani alimng'ata jana.

Wananchi wa Pemba wanalijua hili kuliko wengi. Kwa kuwachanja mbwa wa kisiwa kizima mwaka baada ya mwaka, kichaa kilitokomezwa Pemba kufikia Mei 2014. Chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje, mara mbili, na haukuondoshwa tena ila Oktoba 2018, baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa. Hatusemi kwamba uliletwa na paka wa mtu. Tunasema kwamba bahari haikuuzuia, na kwamba kikapu kilichofunikwa kanga, kilichosafiri kwa basi kutoka Moshi na kupanda chombo Dar es Salaam au Tanga, hakitofautiani machoni pa karani na kikapu cha ndizi.

Sasa hesabu yenyewe. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mtoto wa paka akifikisha miezi mitatu hivi, na nchi nyingi haziihesabu kuwa imeshika mpaka zipite wiki 3. Kwa hiyo mtoto wa kupelekwa visiwani hapaswi kuondoka Moshi kabla ya kukaribia miezi minne. Katikati ya miezi miwili na minne nani anamlisha? Mlezi yule yule, ambaye sanduku lake lina wengine wanaosubiri. Kijana anayetaka kurudi na paka basi amgharimie tangu siku anayomchagua, chakula na chanjo pamoja. Asiyeweza, amwachie mwenye kihamba. Mji Mkongwe, tuseme kweli, haukupungukiwa paka. Wapo vichochoroni wanaosubiri mtu wa kuwalea, na hao hawahitaji nauli.

Kwa wakubwa wa serikali ombi letu ni dogo. Kampeni za chanjo za bure zinapofika katika kata za Moshi kwa ajili ya mbwa, paka wa walezi nao wachanjwe hapo hapo, kwa kuwa mlezi wa paka sita hana uwezo wa kulipia sita. Bandarini, ofisa wa mifugo awepo saa za kushuka abiria, si saa za ofisi tu. Aliyeparuliwa au kuumwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Dalili zikishatokea, dawa hakuna. Na cheti cha chanjo kinachotolewa Moshi kiandikwe kwa Kiswahili, kitaje rangi ya paka na tarehe ya sindano, ili karani wa Mkoani au Malindi akisome mwenyewe, bila ya kumtuma mtu kutafuta wa kumfasiria wakati kikapu kinalia juani.