Tochi ya Kutembelea Migombani

Dukani tochi husifiwa kwa umbali. Boksi limeandikwa mita 300, muuzaji anamulika paa la jirani, mnunuzi anaridhika. Lakini kwa mkazi wa Ijumbi, wilayani Muleba, hizo mita 300 ni kitu asichokihitaji karibu usiku wake wote. Nyumba ya Mhaya imezungukwa na kibanja: migomba, mibuni chini yake, maharage na magimbi katikati, na majani makavu yaliyotandazwa ardhini. Humo huwezi kuona mita 300 hata mchana. Baada ya hatua kumi au kumi na tano jicho limeshakutana na shina au jani, na mwanga mkali uliobanwa, ukigonga jani lililo karibu, humrudia usoni yule yule aliyeushika. Mboni inajifinya, na kila kilicho nje ya lile doa jeupe kinazidi kuzama gizani. Kwa hiyo nashikilia kwamba tochi ya kwanza kununuliwa huku iwe ndogo, yenye mwanga mpana uliosambaa sawasawa, na sifa ya umbali ije baadaye.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua tochi mbili zenye lumeni 100 kila moja. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka. Moja imeubana mwanga katika pembe ya nyuzi 8, nyingine imeufungua hadi nyuzi 60. Umbali wa mita 3, ya kwanza inachora duara la sentimita 42 hivi, karibu upana wa ungo. Ya pili inachora duara la mita tatu na nusu, na mwanga ukigawanyika sawasawa humo, ardhi inapata takriban luksi 10, luksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Ni kidogo? Kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 2009, ambayo watengenezaji makini huifuata, huhesabu umbali wa tochi hadi pale mwanga unapofifia na kufikia luksi 0.25, yaani sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Basi ile tochi pana inakumulikia miguuni mara arobaini ya mbalamwezi, ilhali mita 300 za kwenye boksi, hata zikiwa za kweli, zinaishia kwenye mwanga ambao mwezi huutoa bure.

Na miguuni ndiko kwenye hatari. Kifutu hategemei kukimbia. Hulala kimya akitegemea rangi yake, nayo yafanana mno na majani makavu ya migomba. Mtu anayefuata doa la upana wa ungo humwona nyoka huyo iwapo tu doa limemwangukia, kwa kuwa nje ya doa macho yaliyozoea mwanga mkali ni kama yamefumbwa. Macho hayo huhitaji dakika ishirini au zaidi kulizoea giza tena. Mwanga ulio sawa kutoka katikati hadi pembeni huyaacha macho yatulie kwenye kiwango kimoja, na pembe za jicho, ambazo ni hodari wa kunasa mwendo, zikapata kazi yao. Afadhali pia kuishika tochi usawa wa kiuno kuliko kuifunga kichwani: mwanga unaotoka chini hutupa vivuli, na kwa vivuli mzizi, shimo na utelezi hujulikana mapema.

Atakayepinga atauliza habari ya mwizi. Kweli, kwenye rweya, zile nyasi zilizo wazi kati ya kijiji na kijiji, tochi ya mbali ina kazi, na mvuvi anayetafuta mwalo usiku anaihitaji pia. Ila mwizi wa ndizi huja kibanjani, ambako mkungu wa karibu unaukinga mwanga mwembamba, na aliyeushika anakuwa ametangaza alipo bila kuona walio kushoto na kulia kwake. Mwingine atasema umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umeshafika. Umefika, lakini unakoma ukutani. Choo, zizi na kisima viko nje. Wa tatu ataonyesha simu yake, na huyo ananiunga mkono bila kujua. Taa ya simu haina kioo cha kuubana mwanga, ndiyo maana inapendwa kwa kuandalia chakula au kutafuta kitu uvunguni. Wazee walioishi na chemli waliujua uzuri huo: ilikuwa dhaifu, lakini iliangaza pande zote. Tatizo la simu ni mvua ya Kagera, na chaji inayoisha usiku ambao mgonjwa anatakiwa kupelekwa zahanati.

Dukani, basi, usimulike paa. Imulike tochi ukutani, au kwenye shuka jeupe, kutoka hatua moja, kisha tazama. Nukta kali katikati, duara jeusi kuizunguka, pete za njano na buluu: hiyo iache. Unayoitafuta hufifia taratibu kuelekea pembeni bila mpaka. Kioo chenye ukungu, au chenye vijinundu kama ganda la chungwa, ni dalili njema. Tochi ya kuvuta shingo nayo hutoa mwanga mpana ikirudishwa ndani, ila pale inapovutwa ndipo maji huingilia. Aliye tayari na tochi ya mwanga mwembamba anaweza kuibandika karatasi nyeupe nyembamba mbele. Atapoteza sehemu ya mwanga, lakini njia itaonekana.

Kuhusu betri, seli ya kuchaji ya 18650 ni nzuri ikiwa ya kweli. Iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo wa wazi, kwa sababu hata zilizo bora za ukubwa huo huzunguka 3,500. Mimi ningechagua tochi inayotumia betri ndogo mbili za kawaida, zile za rimoti na saa ya ukutani, maana duka la kijijini halizikosi. Zikiisha zitolewe siku hiyo hiyo: kopo la betri ya bei nafuu ni zinki inayoliwa kadiri inavyotumika, na likitoboka, ute wake huozesha springi, na tochi haiwaki tena hata ukiitia betri mpya.