Vidonge vya kunenepa vinavyowalaza askari wa mwili

KATIKA masoko ya mipakani ya ukanda wetu wa Maziwa Makuu, si jambo geni kukuta vidonge vidogo vikiuzwa kwa kuhesabiwa, bila boksi wala karatasi ya maelezo, jirani na marundo ya mitumba na sabuni. Muuzaji atakwambia kuwa vinaleta hamu ya kula, vinajaza mashavu na kuondoa maumivu ya mgongo. Meza ya pili kuna tyubu za krimu za kung'arisha ngozi, zile ambazo huishia kwenye mkorogo.

Wateja hawakosekani. Mtu anayerejea kwao baada ya miaka mingi kambini au ughaibuni hapendi ndugu wamwone amekonda, wakaanza kunong'ona. Naye mfanyabiashara anayelala juu ya mizigo na kuvuka mpaka mara tatu kwa wiki hataki mgongo umkalishe nyumbani.

Ukibahatika kuona boksi lenyewe, tazama maandishi madogo. Kwenye vidonge huenda ukasoma dexamethasone au prednisolone, na kwenye baadhi ya tyubu clobetasol au betamethasone. Zote ni za ukoo mmoja unaoitwa steroidi. Ni dawa halali, na zikitumika mahali pake zimeokoa maisha ya watu wengi. Lakini haziui kijidudu hata kimoja. Kazi yake kubwa ni kuwanyamazisha askari wa mwili. Ili msomaji apate kuiona hatari hiyo, ni vyema kwanza tueleze jinsi askari hao wanavyoamshwa.

Mihuri ndani ya chembe

Damu ina chembe nyeupe za aina nyingi. Wengi wetu tumezifahamu kupitia kipimo cha CD4 wakati wa mapambano dhidi ya Ukimwi. Kila chembe imezungukwa na utando, na juu ya utando huo kuna vipokezi, yaani protini zinazonasa vitu vya nje. Vipo vipokezi vinavyotambua vipande vya ukuta wa bakteria. Vingine, vya chembe T, hutambua kipande kimoja maalumu tu cha adui, kila chembe na cha kwake.

Kipokezi kikishanasa kitu, ujumbe haufiki ndani kwa mkupuo mmoja. Hupitishwa na vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kimeng'enya cha kwanza hubandika chembechembe ya fosfeti kwenye protini inayofuata, nayo ikizinduka hubandika kwenye nyingine, hadi ujumbe ufike kwenye kiini cha chembe. Ni sawasawa na karatasi za mzigo pale forodhani: kila meza igonge mhuri, ndipo lori lipite. Vipo pia vimeng'enya vingine, fosfatasi, ambavyo kazi yake ni kufuta mihuri hiyo ili jeshi lisiamke bila sababu.

Mwisho wa safari hiyo ipo protini iitwayo NF-kB. Siku za amani hukaa imefungwa nje ya kiini. Mihuri ikikamilika hufunguliwa, huingia ndani ya kiini na kuamuru zitengenezwe saitokini, protini zinazopiga mbiu ya mgambo. Mbiu ikilia, homa hupanda, mahali palipoumia huvimba, na askari wengine hukimbilia hapo.

Chembe T zina tahadhari zaidi. Haziamki kwa ishara moja. Pamoja na kipokezi chake kumtambua adui, lazima kipokezi cha pili, CD28, nacho kiguswe, kama vile msafiri anavyodaiwa pasi na kadi ya njano kwa pamoja. Halafu vipo vipokezi vya breki, CTLA-4 na PD-1. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kuwa breki hizo zikiachiwa, chembe T zinaweza kuishambulia saratani. Hiyo ni dalili ya jinsi breki za mwili zilivyo na nguvu.

Steroidi hazibishi hodi

Mwili wenyewe hutengeneza steroidi yake, kotisoli, katika tezi zilizo juu ya figo. Homoni hii hupenya utando bila kubisha hodi, hukutana na kipokezi chake ndani ya chembe, kisha viwili hivyo huingia kwenye kiini na kuizuia NF-kB isitoe amri. Kwa kiasi cha kawaida ni jambo jema, maana askari wasiotulizwa wanaweza kuubomoa mwili wanaoulinda.

Tatizo ni kiasi. Deksamethasoni ina nguvu mara 25 hivi kuliko kotisoli. Kidonge kimoja cha miligramu 0.5 kinakaribia kufanya kazi ya kotisoli yote ambayo mwili hutengeneza kwa siku nzima. Anayemeza vinne kila siku kwa miezi miwili ili apate mashavu, amewaweka askari wake usingizini kwa miezi miwili.

Somo hili si jipya. Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic mjini Rochester, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke aliyelemewa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walitunukiwa Nobel. Hata hivyo, furaha iliingia doa mapema. Wagonjwa waliotumia dawa hiyo kwa muda mrefu walivimba uso, mifupa ililegea na maambukizi yakawaandama.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2020, wakati wa korona. Watafiti wa Uingereza, katika utafiti ulioitwa RECOVERY, walitoa miligramu 6 za deksamethasoni kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Vifo vilipungua kwa theluthi moja kati ya waliokuwa wakipumua kwa mashine, na kwa moja ya tano kati ya waliohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni, dawa haikuwa na faida yoyote. Waliookolewa ni wale ambao jeshi lao lilikuwa limepitiliza na kuanza kuunguza mapafu yao wenyewe.

Hata malaria ilishatoa funzo. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Thailand kwa wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria ya kichwani. Waliopewa deksamethasoni hawakupona zaidi ya wenzao. Kinyume chake, walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu na kupata matatizo mengi zaidi.

Adui aliyelala ndani

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya watu wote duniani wameambukizwa vijidudu vya kifua kikuu. Wengi hawaugui kamwe, kwa sababu askari wamevizingira. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwa kwenye orodha ya shirika hilo ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Katika mazingira hayo, kumeza steroidi ovyo ni kuwaondoa walinzi getini huku ukijua mwizi yumo uani.

Kuna pia mnyoo uitwao strongiloidi, unaoingia kwa kutoboa ngozi ya mtu anayekanyaga udongo uliochafuka bila viatu. Tofauti na minyoo mingine mingi, huzaliana humo humo mwilini na kudumu makumi ya miaka bila kujulikana. Askari wa Uingereza na washirika wake waliotekwa na Wajapani na kulazimishwa kujenga reli kati ya Thailand na Burma, walikutwa bado wanao zaidi ya miaka 30 baada ya kurudi makwao. Mtu wa namna hiyo akipewa steroidi, mnyoo unaweza kuongezeka ghafla, ukasambaa hadi kwenye mapafu na ubongo na kuua. Aliyeishi miaka kambini, penye vyoo vya shida, ana sababu ya kulifikiria hili.

Ubaya mwingine ni kuwa dawa hizi hudanganya. Homa hushuka, maumivu hupoa, mgonjwa hujiona amepona, kumbe ugonjwa unaendelea kimya kimya. Krimu nazo ni vivyo hivyo. Ukipaka kwenye choa, wekundu na muwasho hupungua kwa siku chache, lakini fangasi huenea chini kwa chini. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Maelekezo yake ya kitabibu ni wiki mbili mfululizo, bila kuzidi gramu 50 kwa wiki. Anayejipaka mwili mzima mwaka mzima huinyonya hadi kwenye damu.

Na huo unene je? Si nyama wala afya. Ni maji na mafuta yanayohamia usoni, shingoni na tumboni, huku misuli ya mikono na miguu ikisinyaa. Sukari na shinikizo la damu hupanda.

Wasafiri wana jambo moja zaidi la kujua. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu anayetumia steroidi kwa wingi hapaswi kuchomwa, kwani askari waliolala wanaweza kushindwa hata na kirusi dhaifu. Kabla hujatoa mkono kwa ajili ya kadi ya njano, mweleze muuguzi dawa zote unazomeza.

Usiache ghafla

Kama umekuwa ukitumia vidonge hivi kwa wiki kadhaa, usivitupe leo. Tezi za juu ya figo zikizoea kuletewa, huacha kazi. Ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, shinikizo la damu likashuka na hata kupoteza maisha. Nenda zahanati au hospitali na boksi lako, au kidonge chenyewe, upunguziwe taratibu. Ukipata ajali, upasuaji au uchungu wa kujifungua, waambie wahudumu kwamba umewahi kuvitumia. Waliopewa steroidi na daktari kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine waendelee kama walivyoelekezwa.

Kwa upande wa wafanyabiashara, vidonge hivi hutolewa kwa cheti cha daktari, na kuviuza bila leseni ni kosa. Faida yake ni ndogo ukilinganisha na hasara ya mzigo kutaifishwa. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa leo ni yule yule unayetaka arudi wiki ijayo kununua vitenge na unga. Mteja aliyelazwa wodi ya kifua kikuu haendi sokoni.

Aliyekonda safarini anahitaji chakula, usingizi na vipimo vya malaria, minyoo, sukari, kifua kikuu na Ukimwi. Mara nyingi mojawapo ya hayo ndiyo sababu ya kukonda kwake, na kila moja ina tiba au dawa ya kuidhibiti. Kidonge cha sokoni huficha sababu hiyo, na kuipa muda wa kukomaa.