Nani atamlisha punda usiku?

UKIPITA alfajiri katika mitaa ya Ruiru, hasa ile ambayo mifereji yake hukauka mara kwa mara, huna budi kumpisha punda. Mkokoteni uliobeba mitungi 20 ya maji, kila mmoja wa lita 20, una mzigo wa kilo 400 kabla hujahesabu mbao, magurudumu na kijana aliyeketi mbele na fimbo yake. Wewe hulipia mtungi wako, ukaupeleka jikoni, ukachemsha chai na kusahau. Lakini je, msomaji, umewahi kujiuliza mnyama yule hulala wapi, hula nini, na ni nani hasa anayemlisha?

Swali hilo la mwisho ndilo linalokosanisha watu waliokuwa wakila sahani moja.

Kwanza uelewe jinsi biashara hii inavyokwenda. Aghalabu mwenye punda siye anayemwendesha. Tajiri hununua punda na mkokoteni, akamkabidhi kijana, na kila jioni kijana humletea kiasi walichoagana. Kinachobaki ni chake. Zamani, mashamba ya kahawa yalipokuwa yakianzia karibu na mlango wa duka, punda angeweza kufungwa kando ya njia akajitafutia. Leo hayo ni kama hadithi. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta watu 238,858 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikakuta 490,120, na mji ukawa wa nne kwa ukubwa nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Penye kahawa pamekuwa ploti, na penye nyasi pana ghorofa. Basi wenye punda hukodi kipande cha uwanja nyuma ya nyumba za watu, wakajenga boma la mabati na fito, na punda wa matajiri watatu au wanne wakalala pamoja.

Hapo ndipo vurugu huanza. Tajiri husema, "Kijana ameshinda naye mchana kutwa, mbona hakumlisha?" Kijana naye husema, "Nimeleta pesa zako kamili, chakula ni juu yako." Tajiri wa pili amenunua gunia la pumba Jumatatu, na kufikia Jumatano halina kitu, ilhali punda wake mbavu zinahesabika. Nani kalimaliza? Wa tatu hanunui chochote. Punda wake ni mkorofi, huwafukuza wenzake kwa mateke na kula fungu la kila mmoja. Naye mwenye uwanja yuko mlangoni akidai kodi yake na kulalamikia harufu ya samadi. Nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Usidhani kwamba ugomvi huu ni wa watu wenye shida peke yao. Hata kule Karen, au karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, popote farasi wa wenyewe tofauti wanapotunzwa chini ya paa moja, wenyewe hubishana vivyo hivyo: huyu anataka nafaka zaidi, yule anataka nyasi tupu, wa tatu anadai mtunzaji anampunja farasi wake. Tofauti ni kwamba wao hubishana juu ya mnyama wa starehe. Punda wa Ruiru akilala njaa leo, kesho kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Si ng'ombe

Kiini cha ubishi, kwa maoni yangu, ni kwamba Kiambu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Karibu kila mtu hapa amekulia katika boma lenye ng'ombe, au ana shangazi anayemfuga. Kwa hivyo kila mmoja ni mtaalamu, na utaalamu huo wote anaushusha kwa punda. Kumbe punda ni ndugu wa farasi, wala si wa ng'ombe.

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Hula haraka haraka, kisha akalala chini na kucheua kwa raha zake. Punda hacheui. Tumbo lake ni dogo, na kazi kubwa ya kusaga nyasi hufanyika nyuma kabisa, katika utumbo mpana. Ameumbwa ale kidogo kidogo kwa saa nyingi. Sasa mtazame punda wa maji: tangu alfajiri mpaka magharibi yumo ndani ya hatamu. Saa zake za kula ni za usiku, basi. Anayefunga mlango wa boma saa moja jioni bila kuacha nyasi ndani amemnyima mnyama huyo mlo mzima, wala si masazo.

Na ale nini? Punda wa kilo 150 huhitaji takriban kilo mbili hadi tatu za chakula kikavu kwa siku, na sehemu kubwa iwe nyasi kavu au mabua ya mahindi yaliyokaushwa vizuri. Nepia mbichi si sumu, lakini sehemu kubwa ni maji; mzigo unaoonekana mkubwa machoni huwa mdogo tumboni. Pumba kidogo si mbaya kwa punda afanyaye kazi nzito. Tatizo huja pale tajiri mwenye huruma, au mwenye haraka ya kumnenepesha, anapommiminia ndoo nzima ya mahindi. Wanga mwingi ukifika katika utumbo mpana huchacha, gesi ikajaa, na punda akapatwa na msokoto wa tumbo: hujigaragaza, hutoka jasho, hugeuka kutazama ubavu wake. Akiokoka, huenda kwato zikavimba kwa ndani asiweze kukanyaga. Jirani akiona hivyo husema punda ni mvivu.

Machicha ya kiwanda cha bia, ambayo wafugaji wengi wa ng'ombe huyapigania, huchacha upesi na hayafai kulimbikizwa kwenye boma la punda. Lakini la hatari zaidi ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula vya kuku, na hata vya ng'ombe, huchanganywa na dawa iitwayo monensini. Kuku haimdhuru, ila kwa farasi na punda kiasi kidogo tu huharibu moyo. Hali kadhalika mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mama wa nyumbani ameyakataa na mtu akaona heri yaende kwa punda kuliko kutupwa. Kuna ukungu ambao sumu yake huyeyusha ubongo wa wanyama wa jamii ya farasi. Punda huanza kuzunguka bila mwelekeo, hugonga ukuta kwa kichwa, na baada ya muda mfupi amekufa. Waama, katika boma lenye ugomvi, lawama humwangukia yule mliyekosana naye jana: "Kamtilia sumu!" Sumu ilikuwamo guniani, nanyi nyote mliiona.

Tena wapo wanaowafungulia punda usiku wakajitafutie jalalani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini jalala halijaisha plastiki, na plastiki ikiziba utumbo wa punda haina dawa ya kienyeji.

Maji nayo! Ni ajabu, lakini mnyama anayewanywesha watu wa mtaa mzima mara nyingi hushinda na kiu. Punda huvumilia, haonyeshi, na maji machafu huyakataa. Wapo wanaoshikilia kwamba punda aliyetoka jasho akinywa maji hufa. La hasha. Mpe kidogo, apumue, umpe tena.

Bei ya punda

Huenda ukauliza, kwani punda akifa si watanunua mwingine? Miaka ya nyuma, labda. Kuanzia mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa Naivasha, Mogotio, na baadaye sehemu nyingine, ngozi zikisafirishwa hadi China kutengenezewa dawa ya kienyeji iitwayo ejiao. Wizi ukaenea, bei zikapanda. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, mahakama ikaitengua marufuku Mei 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Katika kipindi hicho mwenye punda mmoja alijifunza kulala macho, na ndiyo sababu nyingine ya kuweka punda pamoja: mlinzi mmoja, kufuli moja, gharama ya kugawana.

Boma la pamoja basi haliepukiki. Lakini minyoo nayo ni ya pamoja. Ukimpa punda wako dawa na jirani asimpe wake, umetupa pesa, kwa kuwa mayai ya minyoo hutoka katika kinyesi cha huyo mmoja na kurudi vinywani mwa wote. Kwato hukua kama kucha na hutaka kupunguzwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Nani atamwita daktari wa mifugo, na nani atalipa? Mabomani huwa kimya hapo.

Wenye farasi walikwisha kupata dawa ya kimya hicho, nayo ni karatasi. Juu ya mlango wa kila farasi hubandikwa jina lake, anachokula, kiasi gani, saa ngapi, na anachokatazwa. Hakuna linalozuia jambo hilo katika boma la mabati. Kila punda na hori lake, yule mkorofi afungwe pembeni wakati wa kula, chakula kipimwe kwa mizani ya dukani badala ya mkono, na zamu ya usiku iandikwe kwa majina. Dawa ya minyoo inunuliwe kwa mchango na wanyama wote waipate siku moja. Kijana anayeendesha naye aketi katika kikao hicho, kwa maana ndiye anayemjua mnyama: ndiye wa kwanza kuona kidonda cha hatamu, na ndiye anayejua ni punda gani wawili wasiotengana. Wakitenganishwa, huenda aliyebaki akasusa chakula, na punda aliyesusa kwa siku chache mafuta humwagika katika damu na kumuua.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haimtazami kijana wa fimbo peke yake. Mwenye mali naye aweza kuulizwa kwa nini aliacha mnyama wake ateseke. Matajiri wengi, wakiwa wamelala mbali na boma, hawajalisikia hilo.

Kesho asubuhi mkokoteni ukisimama langoni pako, kabla hujainua mtungi, tazama shingo na mabega ya punda palipo na hatamu, kisha mbavu. Halafu mwulize kijana punda alikula nini jana usiku. Ukiwa na beseni na maji ya kutosha, mwekee.